Mwaka wa Kutoboa Masikio

Nilipokuwa mdogo, kabla sijajua hata kuwatambua mbuzi wetu kwa sauti, mvua ya mawe ilinyesha Wajir. Watu wa Wajir wakisoma hapa watacheka, maana kwetu hata mvua ya maji matupu ni habari ya kutumiana salamu. Lakini ilinyesha, wallahi, na mama yangu alitoka na bakuli la mti, lile la kukamulia, akaokota yale mawe meupe moja moja, akayafunika kwa kitambaa chake cha kichwa ili baba akirudi kutoka visimani ayaone kwa macho yake. Baba alirudi alasiri. Mama akafunua. Ndani kulikuwa na maji. Baba aliyatazama yale maji, akamtazama mama, akamwuliza kwa upole kabisa, "Umenifunikia maji, Halima?" Jioni ile chai ilikuwa haina sukari. Mimi nilikuwa nimekula mawe mawili, moja likaniuma meno, kwa hiyo nilijua mama hasemi uongo, lakini nani humwuliza mtoto. Swali nililobaki nalo kwa miaka mingi halikuwa la mama na baba, wao walipatana. Nilitaka kujua ile baridi ilikwenda wapi. Maji yalibaki bakulini, baridi ikaondoka. Ilipita mlango gani?

Ni swali hilo, si njaa wala ujanja, lililoniondoa Wajir. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini au karibu na hapo, napika katika hoteli moja karibu na soko la ngamia, gari la mradi likaja kunywa chai. Juu yake palikuwa na sanduku jeupe limefungwa kamba kama mgonjwa. Dereva, jina lake Gabow, aliniona nikilizunguka. "Warya, wewe kijana, hilo ni friji," akaniambia. "Linawashwa moto chini, linatoa barafu juu." Nikamwambia asinichezee. Akaapa. Nikamwuliza wanakokwenda kama wanahitaji mpishi. Mtu mwingine angeuliza kwanza mshahara. Mimi nilipanda gari lile kwa sababu ya sanduku.

Huyo Gabow tumemzika wiki iliyopita hapa Garissa. Kwenye tazia tulikaa mkekani, wazee upande huu, vijana upande ule na simu zao, na kwenye simu moja walikuwa wakitazama mkutano wa viongozi wa Afrika. Mmoja anasimama mbele ya bendera, anasema Afrika ni moja. "Hilo jumba wanalokutania walijengewa na wageni," kijana mmoja akasema. Mwenzake akasema, "Na nauli ya kwenda walilipiwa." Wakacheka kidogo, kwa adabu ya msiba. Mzee mmoja jirani yangu akauliza, bila kumwuliza mtu yeyote, "Kwani tuliwahi kuwa kitu kimoja hata siku moja?" Nilifungua mdomo nimjibu. Nilitaka kusema: watu sijui, lakini ng'ombe waliwahi, kiangazi kimoja pale mto Daua, na kosa lilikuwa langu. Halafu birika la chai likafika, mazungumzo yakageukia bei ya mbuzi, nikanyamaza. Gabow ndiye aliyekuwa shahidi wangu wa mwisho. Sasa nikinyamaza tena, basi.

Kambi yetu ilikuwa Rhamu, kando ya mto huo. Tulikodi nyumba ya mfanyabiashara wa vitunguu, vyumba vitatu vya udongo vimefuatana, ua mmoja, na harufu ya vitunguu haikutoka ukutani hata siku moja. Chumba cha kwanza alikaa mkuu wa mradi, mzungu ambaye watu walimwita Dheere, maana yake Mrefu, na kweli aliinama kila mlango mpaka akazoea kuinama hata nje. Chumba cha pili walilala Gabow na Daktari. Chumba cha tatu ni friji, na mimi. Nililala miguu yangu ikiwa upande wa ule moto mdogo wa buluu, na asubuhi kazi yangu ya kwanza, kabla ya kupika anjera, chapati zetu za maji, ilikuwa kuongeza mafuta ya taa na kukata utambi. Barafu niliiona, nikaishika, nikaila. Nilimwuliza Daktari moto unazaaje baridi. Alikaa chini akanichorea mchangani, akasema mle ndani mna kitu kinachokimbia, na kinapokimbia kinabeba joto mgongoni kinalitupa nje nyuma. Nusu nilielewa. Ile nusu nyingine bado ninayo mpaka leo, sijaimaliza.

Ni kwa ajili ya Daktari huyo naandika haya. Aliitwa Masanja, mtu wa Tanzania, kutoka upande wa Shinyanga ambako wana ng'ombe kama sisi. Alikuwa mfupi, mapaja manene, anatembea haraka kama aliyesahau kitu. Kiswahili chake kilikuwa kama nguo iliyopigwa pasi. Mimi nilikuwa nimesoma duksi, chuo cha Kurani, na darasa tatu tu za skuli, Kiswahili nimekiokota jikoni, na Gabow alikuwa akisema "bolisi" na "fiazi", lakini Daktari hakutucheka. Kila mtu alimwita ndugu. Ndugu Dubow, ndiyo mimi. Ndugu Gabow. Hata Dheere alimwita ndugu, na Dheere alifurahi sana, akaandika neno hilo kwenye kitabu chake.

Siku moja ya soko alisema "ndugu zangu" hotelini mbele ya wazee. Mmoja wao, mzee Madey, aliyekuwa anavuka mto kila soko kuleta samli kutoka ng'ambo, upande wa Ethiopia, aliweka kikombe chini akamwuliza kupitia kwangu, "Ndugu kwa baba gani?" Kwetu hilo si tusi, ni swali la kwanza. Mtoto wa miaka saba anahesabu baba zake mpaka ishirini na zaidi bila kupumua, halafu nawe unahesabu wako, mnaangalia mnakutana wapi. Daktari akahesabu. Masanja, wa Luhende, wa Ngasa, wa Shija. Akafika hapo akakwama. Wazee wakamsikitikia kama yatima. "Baada ya Shija?" akauliza Madey. Daktari akafikiri, akasema, "Baada ya Shija ni Afrika." Nikatafsiri. Madey hakucheka. "Huyo Afrika alizaa watoto wangapi?" Daktari akasema hamsini hivi. "Mama mmoja?" Hapo Daktari alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. "Hapo hapo ndipo tatizo lilipo, mzee wangu," akasema.

Kazi yenyewe ilikuwa chanjo ya sotoka. Wasioijua wamshukuru Mungu. Ng'ombe analia machozi, mdomo unachubuka ndani, anahara, na ndani ya wiki unachuna ngozi. Tulikuwa tunachanja kila ng'ombe, na aliyechanjwa tunamtoboa sikio kwa koleo, ili daktari yeyote atakayemwona kesho ajue huyu amekingwa, asipoteze dawa. Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipoingia mimi. Kwetu sikio la ng'ombe si sikio tu. Kila ukoo una mkato wake, huu unakata ncha, huu unapasua katikati, na mnyama akipotea hata miezi sita, sikio ndilo linalomrudisha nyumbani. Wazee wawili wakigombania ng'ombe, sikio likishasema, hakuna shahidi mwingine. Daktari alilijua hilo, kwao pia kuna alama. Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla ya kumgusa ng'ombe hata mmoja, aliniita. "Ndugu Dubow, wewe ni mtu wa huku. Sehemu gani ya sikio haina mwenyewe?" Nilijisikia mkubwa. Mpishi ameulizwa neno la kitaalamu. Nikapitia alama zote ninazozijua kichwani, kutoka Wajir mpaka Kutulo mpaka Mandera mjini, nikamjibu bila kusita: sikio la kulia, ukingo wa chini, katikati, tundu la duara. Hakuna anayelitumia.

Sikusema uongo. Upande wetu hakuna aliyelitumia. Ng'ambo sikuihesabu. Niliiona kila siku, majogoo yao ndiyo yaliyoniamsha, migomba yao na yetu ilikuwa inatazamana, lakini kichwani mwangu pale palikuwa ndipo karatasi inapokwisha. Nani alinifundisha hivyo? Nimejiuliza sana. Baba yangu alichunga kote kote bila kuuliza. Mimi darasa la pili nilionyeshwa ramani ukutani, nchi yetu ina rangi, na kule kwingine ni kweupe. Labda ni ile.

Wenyeji wa Rhamu waliona tunachokifanya. Hawakusema. Baadaye walituambia kila mmoja alidhani serikali imeshazungumza na Madey.

Mchana tulikula pamoja, sinia moja, hivyo ndivyo Daktari alivyotaka. Ilikuwa shida kwangu, maana Dheere alitaka baasto, ndiyo tambi, na sosi ya kopo, Gabow alitaka baasto na ndizi, na Daktari alitaka ugali, asipoupata anasema hajala ila ameonja. Nikawa naweka vyote, kila mtu pembe yake, nyirinyiri, nyama kavu ya samli, katikati. Na hapo kwenye sinia ndipo nilipousikia mjadala ambao naona bado haujaisha huko kwenye simu za vijana.

"Dheere," Daktari alisema siku moja, "ng'ombe wa ng'ambo wanakunywa mto huu huu."

"Najua."

"Na mate yao yanateremka huku."

"Najua, Daktari. Lakini chanjo hii imetolewa na watu wa nchi yangu kwa ajili ya nchi hii. Imeandikwa. Ng'ambo wana marafiki wengine, na hao marafiki wana chanjo yao."

"Umewahi kuiona?"

"Hapana."

"Hata mimi."

"Hata ng'ombe hawajaiona," Gabow akasema, mdomo umejaa.

Nilimpenda Dheere, nisiseme vingine. Alimtafutia mama yangu dawa ya macho bila kuombwa. Lakini nilishangaa mtu anayetoa kitu kama kile, anakipeleka mbali kote kule, halafu anasimama mtoni kama aliyefungwa kamba mguuni. Na nilishangaa zaidi kwamba aliyefungwa na kamba ile si yeye peke yake. Daktari alikuwa Mwafrika, Gabow Mwafrika, mimi Mwafrika, mto wa Mungu, na sote tunamtazama Dheere atuambie kama inawezekana kuvuka mahali ambapo mbuzi anavuka bila kulowa tumbo.

Madey alikuwa amekwenda na ng'ombe wake malishoni, milimani upande wake, muda wote tuliokuwa tunachanja. Kiangazi kilipokaza alirudi mtoni, akavuka siku ya soko kama kawaida, na njiani akapita penye kunyweshea. Alisimama. Akatembea katikati ya ng'ombe wa watu, anainua sikio moja, anainua la pili. Halafu akaja uani kwetu moja kwa moja, bila kunawa, akanikuta napepeta mchele.

"Adeer," aliniita, kama mjomba anavyomwita mpwa, "nani amenipa ng'ombe hawa?"

Tundu la duara, sikio la kulia, ukingo wa chini, ilikuwa alama ya ukoo wake tangu enzi za babu zake. Nilipomaliza kumweleza Daktari, nje kulikuwa na kelele: wapwa wawili wa Madey walikuwa wameshaanza kutenga ng'ombe, wanasema sikio limesema, na wenye ng'ombe wameshika fimbo. Wazee wakaketi haraka. Madey alisema jambo moja tu, akalirudia kila mtu alipojaribu kulizunguka: "Kama hawa ni wangu, niwapeleke nyumbani. Kama hawa si wangu, wale wangu ni wa nani?" Halafu mtu mmoja nyuma akasema, "Basi sote tumekuwa watoto wa Madey, bei ya mahari ishuke," na watu wakacheka, fimbo zikateremka.

Daktari hakucheka. Aliniambia nimwulize mzee ng'ombe wake ni wangapi. Nikamwambia kwetu mtu haulizwi hivyo. Akasema uliza. Madey akajibu, "Wapo." Daktari akashika kichwa. Akatueleza polepole, na ndipo nilipoelewa kosa langu lina mguu wa pili. Ng'ombe wa Madey walikuwa na alama ya chanjo na hawakuwa na chanjo. Sotoka ikiingia zizini kwake, daktari yeyote ataona masikio, atapita. Watachanganyika na wengine watu wakiwaamini. "Nimepiga muhuri kwenye barua ambayo sikuiandika," alisema. Akamshika Madey mkono mbele ya wazee wote akamwahidi kwamba ng'ombe wake watachanjwa kama hawa wengine. Kwa ahadi hiyo Madey aliwaita wapwa zake nyuma. Alikubali kuongeza mkato wa pili kwenye masikio ya ng'ombe wake, mvua zikinyesha, ili watofautike. Mzee mwenye haki amekubali kubadilisha alama ya babu zake. Hilo silioni dogo.

Jioni nilimwambia Daktari ni mimi, kwamba sikuuliza ng'ambo. Hakunigombeza. "Nilikuuliza kuhusu ng'ombe," alisema, "wewe ukanijibu kuhusu nchi." Akaendelea kunoa kisu chake.

Siku chache baadaye habari zikateremka na mto: sotoka iko juu, mwendo wa siku tatu. Askari wa ng'ambo wakafunga kivuko kwa mifugo, mtu apite, ng'ombe asipite, kwa hiyo hata ile njia rahisi ya kuwaleta ng'ombe wa Madey upande wetu ikafa. Dheere akapiga simu ya upepo Nairobi. Nilimsikia kupitia ukuta akisema ndiyo, ndiyo, naelewa, ndiyo. Alitoka ameinama kuliko mlango ulivyotaka. "Wamekataa," alisema. "Tukivuka na dawa hii, mwaka ujao hawatatuma kwa mtu yeyote. Hata huku, Daktari. Fikiria watu wa huku." Daktari akasema, "Nawafikiria. Nimewaahidi wakiwa wameketi wote."

Nitatangulia kusema yaliyokuja baadaye, niyatoe njiani. Mwaka uliofuata Gabow aliwaona ng'ombe wa Madey penye maji, masikio yana mikato miwili, wamenona. Sotoka haikushuka mpaka Rhamu. Kama ni kwa sababu ya sindano au kwa sababu Mungu hakutaka, siwezi kuapa. Kambi ilifungwa, kama Dheere alivyosema, na friji likauzwa, na mimi nikashuka Garissa nikafungua hoteli yangu. Kuhusu Daktari tulisikia kila namna: amefungwa jela, ameoa, anachanja kwa dawa ya wale wazungu wengine, ameonekana karibu na Dolo anaita watu ndugu. Gabow alimwuliza kila dereva wa lori aliyetoka huko, miaka yote, mpaka alipoacha kuendesha. Na mimi nikisikia mtu anasema Afrika iungane huwa sipingi, nauliza tu, alama itawekwa sikio gani, na kama ng'ambo wameulizwa. Watu wanadhani ninazeeka.

Siku yenyewe ya kuvuka ilikuwa asubuhi, baada ya chai. Nilikuwa nimeweka nyama ya ngamia motoni, inachukua muda ile. Daktari aliingia chumba cha friji na kasha la baridi, akapanga chupa za chanjo, akaweka barafu, akachukua bomba la sindano. Dheere alikuja akasimama mlangoni.

"Nitaandika kwamba umeiba," alisema.

"Andika."

"Nitaandika kwamba nilijaribu kukuzuia."

"Basi jaribu," Daktari akasema, bila hasira, kama anamkumbusha.

Dheere akasogea, akampisha.

Uani Daktari alinitazama. "Ndugu Dubow, nahitaji mtu wa kushika masikio. Na wa kunisemea." Nilimwambia nina nyama motoni. Ilikuwa kweli, na kila ninapoikumbuka inazidi kuwa kweli na haizidi kunisaidia. Alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyeambiwa saa. Nilimfuata mpaka ukingoni tu, na mwiko mkononi. Madey alikuwa akimsubiri majini. Daktari alikunja suruali mpaka magotini, akavua viatu akavifunga kamba shingoni, akaweka kasha kichwani akalishika kwa mkono mmoja, akaingia. Maji hayakumfika mapajani. Alitembea kwa ule mwendo wake wa haraka, katikati akateleza kidogo akasimama tena, hakugeuka. Ukingo wa pili Madey alimvuta mkono, akakaa akavaa viatu, kimoja, kisha cha pili, akanyanyua kasha, na wakaingia kwenye migomba ile, mzee mbele yeye nyuma, na hakurudi.